Maji ya Ghorofa za Njano

Jumamosi saa tano asubuhi duka la vipodozi lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na katika wanawake wote wale mwanaume alikuwa mmoja tu. Alivaa ovaroli ya buluu yenye madoa ya gundi ya mabomba, spana ikining'inia kiunoni, kichwa amekinyoa karibu kipara. Mkononi alikuwa na kikaratasi. Kila chupa ya shampuu aliyoichukua aliigeuzageuza, akakunja uso, akairudisha.

Nyuma yake alikuwapo msusi mmoja ambaye wateja wake walimpa jina la Mkonomwepesi, kwa sababu alichana nywele ngumu bila mtu kutoa chozi. Alivaa gauni la rangi ya zambarau lililomkaa vizuri kiunoni na viatu bapa vya kusimamia siku nzima. Nywele zake mwenyewe alizifunga kitambaa tu, maana kinyozi hajinyoi. Alivumilia kidogo, uvumilivu ukamwishia.

"Kaka, hizo nywele unazotaka kuosha ziko wapi?"

Mwanaume akageuka, akajipapasa kichwa, akatabasamu. "Ziko kwa dada yangu, mama. Kaniandikia hapa: isiyo na salfeti, isiyo na chumvi. Mimi nilijua chumvi inawekwa kwenye mboga."

Mkonomwepesi alicheka, na akicheka alikuwa mzuri wa kumfanya mtu asahau alichotumwa. Akachukua chupa tatu, akamsomea vibandiko vyote mpaka yale maandishi madogo ya mwisho yasiyosomwa na mtu. Shampuu ya namna hiyo ni ya mtu aliyewekwa dawa ya kulainisha nywele, akamweleza, na dawa hiyo haibadilishi nywele milele. Inazivika tu, kisha inapigwa pasi ya moto ili ishike. Ikitunzwa inakaa miezi mitatu, hata minne. Salfeti, ile sabuni inayotoa povu jingi, huivua mapema, chumvi huivua, na maji ya bwawa la kuogelea ndiyo adui mkubwa.

Fundi bomba alisikiliza kwa umakini ambao wanaume wachache huupeleka kwenye mambo ya nywele. Akauliza kama maji ya moto nayo ni mabaya. Akaambiwa yawe vuguvugu. Akauliza dada aoshe mara ngapi, akaambiwa mara moja kwa wiki inatosha. Maswali yalipomwishia aliuliza namba ya simu, eti asije akasahau maelekezo.

Jioni ile ile simu ikalia.

"Dada anauliza, anaweza kufunga nywele?"

"Leo ni siku ya ngapi tangu awekwe dawa?"

"Ya pili."

"Asifunge, asibane, asisukumie nyuma ya sikio. Nywele zikipinda kabla ya siku tatu, alama inabaki. Na alale na kofia ya satini."

Kesho yake dada aliuliza kuhusu jasho. Keshokutwa dada aliuliza kuhusu mvua. Siku ya tano dada aliuliza kama msusi amekula, na siku ya sita akataka kujua kama msusi ana mtu.

"Dada yako ana maswali mengi sana," alisema Mkonomwepesi, amejilaza kitandani miguu ikiwa imeinuliwa ukutani kupunguza uchovu.

"Dada hajui hata kama nakupigia, mrembo. Shampuu nilimpa siku ile ile, akanifungia mlango."

Basi, ndivyo penzi lilivyoanza. Mchana fundi alipita saluni akisingizia kuangalia koki, na koki za saluni ile hazijapata kuangaliwa vizuri kama mwezi ule. Wateja waliokaa chini ya draya walimjua kwa sura, wakamwita Fundi wa Simu. Mkonomwepesi alijifanya hasikii. Moyoni alikuwa ameshapenda, wala hakuwa na haja ya kujidanganya.

Saluni yenyewe ilikuwa ya shangazi yake. Miaka thelathini shangazi alisimama nyuma ya viti vile mpaka miguu ikamvimba, na sasa alikuwa ametangaza kwamba mwisho wa mwezi atapumzika. Ufunguo atamwachia mtoto wa kaka yake, Mkonomwepesi. Mkonomwepesi hakuwa na ndoto nyingine maishani. Alianza kazi pale akiwa msichana wa kufagia nywele sakafuni, na hakukuwa na msumari ukutani asioujua.

Ndipo wateja wakaanza kurudi na malalamiko.

Wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke mpole. Alivua kitambaa, akasema kwa upole kwamba hajui afanyeje. Nywele alizowekwa dawa wiki tano tu nyuma zilikuwa zimetimka zote. Akafuata nesi, akafuata karani wa posta. Ilipofika wiki ya tatu walikuwa wanane. Mkonomwepesi aliwahoji kama askari: sabuni gani, wanaogelea, wanaosha mara ngapi. Wote walifuata masharti.

Shangazi hakupiga kelele, na hilo liliuma zaidi. Alisema tu kwamba dawa ni ile ile aliyoitumia miaka yote, pasi ni ile ile, na kilichobadilika ni mkono. Labda mkono siku hizi una haraka ya kushika simu. Saluni haiachwi kwa mkono unaotiliwa shaka, alisema. Kama mambo yatabaki hivyo, Jumamosi ya mwisho wa mwezi atafunga mlango, na ufunguo utarudi kwa mwenye jengo.

Jioni hiyo Mkonomwepesi alilia kwenye simu.

"Dawa kwa kawaida hufifia kuanzia mbele, kwenye jasho la paji," alimweleza fundi. "Na kwenye shina, kwa sababu nywele mpya zinaota. Hizi zimefifia kote sawasawa, kutoka shina mpaka ncha. Sijawahi kuona."

"Pole, mpenzi wangu. Hao wanane wanakaa wapi?"

Akamsomea kutoka kwenye daftari la wateja, jina na namba ya nyumba, mmoja mmoja. Alikuwa hajawahi kuyasoma yote kwa mfululizo. Nusu ya wateja wake walitoka ghorofa za njano pale juu ya barabara, kwa hiyo hakuona ajabu kwamba wanane hawa walitoka huko.

Kwa fundi bomba hilo si fumbo: bomba moja likichakaa, angalia bomba; mabomba yote yakichakaa kwa pamoja, angalia maji. Na maji ya ghorofa za njano alikuwa akiyatunza yeye.

"Nitakupigia," akasema, akakata.

Asubuhi alipanda kwenye tangi. Miezi miwili nyuma kampuni yake ilikuwa imeanza kuleta klorini mpya ya kusafishia maji, kwenye pipa la rangi ile ile na kikombe cha kupimia kile kile. Yeye akaendelea kutia vikombe viwili kila Jumatatu kama alivyozoea. Sasa ndipo akasoma kibandiko. Dawa hii ilikuwa kali mara mbili ya ile ya zamani. Kilitakiwa kikombe kimoja. Kwa miezi miwili nyumba zile ziliogea maji yasiyopishana sana na ya bwawa la kuogelea, na aliyewaogesha ni yeye.

Alikaa juu ya tangi, miguu ikining'inia, akaona aibu ya kuwatosha watu wawili.

Hapo angempigia msusi, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini mwanaume akipenda huwa mjinga kwa namna yake. Alijiambia kwanza atarekebisha, ndipo atasema. Alipunguza dawa, akamwaga maji ya tangi, akajaza mapya. Kisha wiki nzima, baada ya kazi, alibisha hodi kwa wale wanawake wanane akiwa na mkoba wa vifaa, akawafungia vichujio kwenye mabomba yao ya mvua. Alimsihi kila mmoja asimwambie msusi. Atasema mwenyewe, alisema, akipata ujasiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Ukitaka jambo lifike saluni, waombe wanawake wanane walifiche.

"Yule Fundi wako wa Simu alikuwa bafuni kwangu juzi," alisema karani wa posta, shingo kwenye beseni. "Kijana mstaarabu. Kanisihi nisikwambie."

Mikono ya Mkonomwepesi ikasimama juu ya povu. Mchana nesi akasema hivyo hivyo. Akatoka uani na simu.

"Uliingia nyumbani kwa wateja wangu?"

"Niliingia, mpenzi. Naomba nikueleze Jumamosi, ana kwa ana."

"Wangapi?"

"Wote wanane."

"Mimi nalia, wewe unaandika namba za nyumba." Sauti yake ilikuwa tulivu. "Nilikusomea kwa mdomo wangu. Usinipigie tena."

Hakumpa nafasi ya neno jingine. Siku nne simu ya fundi iliita bila kupokelewa, na koki ya saluni ikaanza kuvuja kweli, ikakosa wa kuitazama. Mkonomwepesi alifanya kazi, akajibu salamu, akala kwa sababu shangazi alimsimamia. Alikuwa anapoteza saluni na mwanaume ndani ya mwezi mmoja, na hakujua kipi kinamkosesha usingizi zaidi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi viti vyote vilijaa. Mwalimu alikuwa chini ya draya, nesi kwenye beseni, na Mkonomwepesi alikuwa akimpigia pasi karani wa posta, ambaye alikuwa amekubali kujaribu dawa mara nyingine. Moshi mwepesi ulipanda kutoka kwenye nywele. Shangazi alikaa mezani akiwa amevaa nguo zake nzuri, ufunguo mbele yake.

Fundi aliingia bila ovaroli. Shati jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, viatu viling'aa, na mikono hakujua aiweke wapi.

"Shikamoo, shangazi. Naomba kusema jambo, na naomba niseme wote wakisikia."

"Marahaba. Sema, usizuie mlango."

"Nywele za akina mama hawa nimeziharibu mimi. Nilitia klorini mara mbili ya kipimo kwenye tangi la ghorofa za njano kwa miezi miwili, kwa sababu sikusoma kibandiko. Mkono wa binti yako hauna kosa hata moja. Jana nimemwandikia mkubwa wangu wa kazi na kumweleza hivyo hivyo. Niliogopa, nikawa nazunguka na vichujio wakati yeye analaumiwa. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko la klorini."

Draya ziliendelea kuvuma, lakini vichwa vyote vilikuwa vimetoka chini yake. Shangazi alimwita mwalimu, akampitishia vidole kwenye nywele zilizooshwa juzi nyumbani kwa maji mapya. Alikuwa amewekwa dawa upya siku kumi zilizopita, na zililala vizuri. Akazishika kwenye shina, akazishika kwenye ncha, akarudia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Wiki tatu namshuku mtoto wa kaka yangu, kumbe ni maji." Kwa shangazi neno la samahani lilikuwa zito kulitamka. Alinyanyuka taratibu kwa sababu ya miguu, akavuka chumba, akaudumbukiza ufunguo kwenye mfuko wa aproni ya Mkonomwepesi. "Nisamehe, mwanangu. Saluni ni yako."

Mkonomwepesi alifumba macho. Chozi moja likamtoka, akalifuta kwa bega maana mikono ilikuwa na glavu. Kisha akarudi kwenye pasi. Fundi alisubiri kuangaliwa, hakuangaliwa, akatoka.

Nywele zilizopakwa dawa haziachwi katikati, hata nyumba ikiungua. Dakika arobaini alipiga pasi fungu kwa fungu, jembamba, bila kuruka hata moja. Alipomaliza alivua glavu, akachungulia dirishani. Shati jeupe lilikuwa bado kwenye ngazi, jasho limeliloanisha mgongoni.

Akautoa ufunguo mfukoni, akampa shangazi. "Nishikie dakika kumi."

"Huna nao hata saa nzima. Mimi miaka thelathini sijaacha mteja kwa ajili ya mwanaume."

"Ndiyo maana unalala peke yako," alisema nesi kutoka kwenye beseni, na shangazi alicheka mpaka akatafuta kiti.

Nje, fundi alisimama haraka alipomwona.

"Nilidhani unanizunguka," Mkonomwepesi alisema. "Nililia siku nne. Klorini ningeicheka, nakuapia. Ungeniambia jioni ile ile ningekutukana kidogo, kisha ningekusaidia kubeba hivyo vichujio."

"Niliogopa ungeniacha."

"Na kwa kunificha ukakaribia kuachwa kweli."

"Najua." Akamsogelea hatua moja. "Sina la kujitetea. Nakupenda. Huenda Jumatatu sina kazi, kwa hiyo huu si wakati mzuri wa kuuliza ninachotaka kuuliza. Lakini nimejifunza kwamba nikingoja wakati mzuri naharibu. Nataka kukuoa. Kama hapana, niambie leo."

Mkonomwepesi alimtazama kuanzia viatu vilivyong'aa mpaka kwenye kipara kinachotoka jasho. Alikuwa na hasira bado, kiasi cha wiki moja hivi, na alijua ataimaliza akiwa naye. Akamshika mkono, ule mgumu wenye makovu ya spana, akaukagua kiganjani.

"Kila ukikosea, mimi ndiye wa kwanza kujua," akasema. "Kabla ya mkubwa wako, kabla ya nesi, kabla hujashuka kwenye tangi. Unaweza?"

"Naweza."

"Basi njoo ndani uniombe kwa shangazi, kabla hajaacha kucheka."