Futi Elfu Tisa na Mia Tano

"Cessna 206 kutoka Mbumbuni, naelekea Nairobi. Futi elfu tisa na mia tano."

Kavata alikunja ngumi.

Ilikuwa alasiri ya Agosti 1978, kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Kitui. Sauti ile redioni ilikuwa ya Kapteni Brandt, mlanguzi wa pembe za ndovu ambaye jasusi Kavata alikuwa amemwinda miezi saba. Ndani ya ndege hiyo, katikati ya pembe, alikuwa amefungwa kamba Kivuva, askari wa wanyamapori. Kavata ndiye aliyemtuma kulipeleleza genge la mlanguzi huyo. Ndege ikivuka mpaka wa nchi, Kivuva angeuawa.

Redio ya pili ilikoroma. Bwana Kiilu, mkubwa wake.

"Umesikia? Anakuja huku Nairobi. Nimepanga askari wote hapa. Wewe kunywa chai."

"Haji huko, mzee. Anaenda mashariki."

"Amesema mwenyewe."

"Sikiza hiyo height. Tisa na nusu ni ya watu wa kwenda east."

Kila rubani anaijua sheria hiyo. Anayekwenda mashariki hushika urefu wa futi elfu tano, saba au tisa, na mia tano juu yake. Anayekwenda magharibi hushika elfu sita, nane au kumi, na mia tano vilevile. Hivyo wanaokabiliana hupishana, mmoja juu, mwingine chini. Nairobi iko magharibi ya Mbumbuni. Brandt alidanganya njia, lakini urefu hakuthubutu kuudanganya, asije akagongana na mtu.

Njia ya mwongo ni fupi. Brandt alikuwa anaogopa kufa.

"Kavata, nimeanza hii kazi ukiwa na kamasi," alisema Kiilu. "Usiruke. Hiyo ni amri."

Damu ilimchemka Kavata. Miezi saba ya kulala vichakani, na mzee huyu hata kuhesabu hataki! Aliitupa maikrofoni mezani.

"Madam, amesema usiruke," alisema Ndululu, konstebo wa zamu.

"Nimesikia. Peleka Land Rover mwisho wa kiwanja. Na bunduki zote mbili."

"Ziko tatu, madam."

"Basi zote tatu."

Dakika mbili baadaye Cessna 182 ya Kavata iliiacha ardhi. Bastola ya Walther PPK kiunoni. Miwani ya Ray-Ban usoni. Pua ya ndege ilielekea magharibi, moja kwa moja kule alikotoka Brandt.

Futi elfu saba. Elfu nane.

Kwenye elfu nane na mia tano, urefu wake halali, hakutulia. Aliendelea kupanda.

Elfu tisa na mia tano.

Juu ya mto Athi aliiona. Nukta nyeupe, mbele yake kabisa, urefu uleule.

"Brandt. Angalia mbele."

"Wewe ni nani? Toka! Huu si urefu wako!"

"Najua."

Nukta ikawa mabawa. Mabawa yakawa na kioo. Kavata hakuugusa usukani. Alikuwa na hasira mpaka meno yakamuuma.

Sekunde nne.

Tatu.

Brandt alikata kona. Ndege yake nzito ilipinduka ubavu na kushuka futi elfu mbili kabla hajaishika. Kavata aligeuza na kumkalia juu.

"Shuka Kitui. Ukijaribu kupanda, nakuja tena."

Hakujaribu. Alitua Kitui, Kavata nyuma yake. Brandt alishuka mikono juu, suruali imelowa, akatazamana na bunduki tatu za Ndululu na wenzake. Askari walimfungua Kivuva. Mdomo wake ulikuwa umevimba, lakini alikuwa hai.

Kwenye redio ya Land Rover, Kiilu alikuwa akimfokea Kavata kwa jina lake kamili.

Kivuva alimsogelea Kavata.

"Nilikuona kwa kioo ukikuja," alisema. "Ulijua niko ndani?"

"Nilijua."

"Na kama huyu mzungu hangekata?"

Kavata alivua miwani. Angeweza kumdanganya. Siku hiyo uongo ulikuwa umemchosha.

"Mimi singekata, Kivuva."

Kivuva alitema damu chini na kumgeuzia mgongo. Kavata aliivaa tena miwani yake, akakivuka kiwanja kwa miguu kuelekea mjini, bila haraka.