Wasomaji wa Herufi za Kaka

"Nyigu, hapa Mkuu. Chui ameingia kiwanda cha uchapaji. Hatujui mabomu yake yako wapi. Namtaka hai."

"Nimekupata."

Nyigu aliruka ukuta, Glock mkononi. Jua lilikuwa la utosi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Akanyata ndani, mgongo ukiambaa ukuta. Masanduku yalipangwa hadi darini, kila moja na alama nyeusi ubavuni. Wataalamu wa idara waliumiza vichwa juu ya alama hizo wakaambulia patupu. Nyigu hakuwahi kuonyeshwa. Kazi yake ilikuwa risasi.

Alizitazama.

Akasogea karibu.

Alikuwa anazisoma!

Zilikuwa herufi za kaka yake. Lugha ya mama yao haikuwahi kuandikwa, na herufi za kawaida zilikuwa zinaiponda. Kaka akaapa kuitafutia zake. Miaka nenda rudi akachora, akafuta, akachora tena. Sauti ya kooni akaipa umbo la ndoana, ya puani akaipa umbo la bakuli. Wachapaji wakamcheka: wasemaji wenyewe hawajai kiganja, nani atanunua? Mama alipofariki, kaka akatoweka.

"Tupa silaha, bibie!"

Chui alijitokeza nyuma ya mtambo. Alijikinga kwa mtu aliyekonda kama ufito, bastola kisogoni.

Kaka.

"Mdogo wangu," kaka alisema kwa lugha ya mama yao. "Waliniambia tutachapa vitabu vya watoto. Nikawafundisha herufi zote. Kumbe wanataka kuandikiana kwa siri mabomu yaliko. Nilipogutuka, wamekwisha kunifungia humu."

"Semeni lugha ya watu!" Chui alifoka.

"Soma sanduku la juu, lenye rangi mbichi. Halafu piga. Usinihofie."

"Siwezi, kaka."

"Basi nisamehe."

Akarudisha kichwa nyuma kwa nguvu. Pua ya Chui ikapasuka.

Bastola ikalia.

Glock ikajibu. Chui akaanguka, bega limevunjika, akilia kama mtoto.

Nyigu alimpiga pingu, kisha akasoma lile sanduku, redio mdomoni.

"Mkuu! Stesheni ya reli. Lori la maziwa, lango la mizigo. Fanyeni haraka!"

Akapiga magoti. Damu ilikuwa imelowanisha shati lote la kaka.

"Umezisoma?" kaka aliuliza.

"Nimezisoma."

"Hazikukutatiza?"

"Hata kidogo, kaka. Nimemsikia mama kabisa."

Kaka alitaka kucheka. Pumzi haikumfikisha.

Redio ilikoroma. "Nyigu, lori tumelikamata. Abiria wote salama. Hongera!"

Alikuwa anamfumba kaka yake macho.

Mkuu alipowasili, alizunguka masanduku yale mikono nyuma, akitikisa kichwa.

"Maandishi ya ajabu. Nani anaweza kuyasoma?"

"Genge la Chui."

"Hao tumeshawatia korokoroni, mmoja mmoja. Na nje ya korokoroni?"

Nyigu alirudisha Glock kiunoni. Akavaa miwani yake myeusi.

"Mimi."

Akampita, akatoka juani kwa mwendo uleule wa siku zote, bila kugeuka.