Manukato Chini ya Aproni

Muuzaji wa duka la manukato alifungua mlango wa mbele Jumamosi saa mbili asubuhi, akamkuta bosi wake, mwanamke aliyetengeneza manukato yale, amelala chini ya ngazi za ndani, kichwa kwenye vigae, aproni ya kazi imefungwa vizuri kiunoni. Hakupiga kelele. Alimgusa mkono, akaukuta wa baridi, akapiga simu polisi, kisha akarudi barabarani kusimama juani. 

Inspekta aliyekuja, wenzake kituoni walimwita Bi Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, wala akiliachia jambo alilokwisha kulishika. Alikuwa mjane. Watoto wake walikuwa mbali, kila mmoja na maisha yake, na jioni nyumbani kwake sauti pekee ya kumkaribisha ilikuwa ya redio.

"Ameteleza, afande," alisema koplo. "Alikuwa kazini, ngazi zenyewe zina mwinuko. Ajali hii."

Bi Taratibu alipiga magoti. Mikono ya marehemu ilikuwa safi. Shingo yake ilinukia. Ilikuwa harufu yenye joto, tamu lakini si utamu wa sukari, kama ngozi ya mtu aliyetoka kuota jua, na nyuma yake, kwa mbali mno, maua. Alijikuta amebaki ameinama kuliko kazi ilivyohitaji.

"Hiyo ndiyo Nyeupe," alisema muuzaji, mama wa makamo mwenye macho mekundu. "Manukato yaliyotulisha miaka yote. Ukijipaka, mwanzo ni maua meupe matupu: yasmini, langilangi, ua la mchungwa. Yanaingia kwa vishindo kama wageni wa harusi. Baadaye wageni wanaaga mmojammoja, inabaki ambari peke yake, ile harufu ya joto. Watu wananunua kwa ajili ya maua, lakini wanarudi kwa ajili ya ambari."

"Ina nini hiyo ambari?"

"Inakaa. Mteja mmoja aliniambia, ukilala peke yako umejipaka Nyeupe, hulali peke yako."

Bi Taratibu aliinuka. Aliuliza kama ni kweli, kama majirani walivyosema, kwamba wiki ile muuzaji alikuwa amegombana na marehemu mbele ya wateja.

"Kweli. Aliniambia anafunga duka, anahama. Nikamwambia hana shukrani. Juzi akanipa chupa ya Nyeupe, tukapatana. Jana aliniruhusu niondoke adhuhuri." Akatazama ngazi. "Nilifurahi kuondoka mapema."

Ghorofani, dada mkubwa wa marehemu alikuwa jikoni, mgongo kwa jiko, mikono mapajani. Hakuwahi kuolewa. Maisha yote alikuwa ameishi na mdogo wake, wawili tu. Sufuria ya maziwa ilikuwa imefurika nyuma yake, na harufu ya kuungua ilikuwa imeshika chumba kizima. Bi Taratibu alipita akazima jiko.

"Pole sana, dada."

"Sijapoa. Samahani, mwenzio akili imehama." Aligeuka, akayatazama maziwa kana kwamba ni ya jirani. "Jana baada ya chakula kichwa kiliniuma, nikajilaza. Yeye akashuka karakana kuchanganya manukato. Jioni nikamsikia yule fundi saa wa mtaani anagonga mlango wa chini, anafoka. Nikaogopa, sikushuka. Mtafuteni huyo."

"Hukushtuka mdogo wako asipopanda kulala?"

"Akishika mchanganyiko mpya hulala hukohuko. Ana kochi lake."

"Naye alijipaka manukato yake?"

"Kazini? Hata tone. Alisema pua ya mtengenezaji haitaki kelele. Alijipaka akitoka tu, na alitoka mara chache. Hapa tulikuwa tunatoshana."

Kwa kujaribu tu, inspekta akauliza kama kulikuwa na habari ya kuhama. Dada akasema hapana, nani ahame, aende kwa nani.

Fundi saa hakuhitaji kutafutwa. Mchana alikuja kituoni mwenyewe, mwanamume mwembamba aliyefiwa na mke, kofia mkononi.

"Majirani walikusikia jana jioni," alisema Bi Taratibu.

"Nilifoka, sikatai. Tulikubaliana tukutane stesheni. Tungeoana nikifika naye kwetu. Nilikaa kwenye benchi mpaka treni ikaondoka. Mtu aliyeachwa na tiketi mbili mkononi hagongi mlango kwa upole."

"Ukadhani nini?"

"Kwamba amebadili mawazo. Usiku kucha nikamchukia." Alitazama kofia yake. "Sasa nifanye nini na chuki hiyo, mama? Niipeleke wapi?"

Bi Taratibu alimsogezea kikombe cha chai. Kisha akauliza, "Dada yake alijua?"

"Alimficha. Alisema atamwambia wakati wa kuaga, apunguziwe muda wa kulia."

Koplo alitaka kumfungia papo hapo. Sababu anayo, alisema, na hasira anayo. Bi Taratibu alimwambia koplo ale kwanza, kisha yeye mwenyewe akaenda kuketi kwenye benchi ya uani na mkate wake. Mtengenezaji hajipaki akiwa kazini. Huyu alijipaka, basi alikuwa anasafiri. Aproni alivalishwa baadaye, na begi la safari, ambalo lazima alikuwa nalo, likaondolewa. Na nani? Fundi saa hakuwa na haja ya kuficha safari aliyokuja kuitangaza mwenyewe. Muuzaji angeinusa Nyeupe hata usingizini, asingethubutu kuifunika kwa aproni. Yeyote aliyefunga kamba zile aliinama juu ya shingo ile yenye manukato mabichi, na hakugundua kitu.

Yale maziwa, sasa. Yeye aliisikia harufu ya kuungua tangu ngazini; dada alikuwa kando ya jiko. Mkate ukamshinda.

Alasiri aliwakutanisha karakana, hatua chache kutoka ngazini, dada mtu na muuzaji, koplo akiwa mlangoni. Akatoa leso iliyokunjwa, akampa dada.

"Tumeiokota uani. Hebu inuse. Ni manukato ya mdogo wako?"

Dada aliipeleka leso puani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Ni yake," alisema kwa upole. "Ni Nyeupe."

Muuzaji alikuwa ameshageuza uso, mkono umeziba pua. Leso ilikuwa imefutiwa samaki aliyeoza.

"Nisamehe," alisema Bi Taratibu, na alimaanisha. "Tangu lini, dada?"

Dada aliikunja tena leso. "Utotoni," alisema. "Homa iliondoka na pua yangu. Hatukumwambia mtu. Nani angenunua manukato ya nyumba ambayo dada mtu hajui kinachonuka wala kinachonukia? Kila jioni alinieleza kazi ya siku: leo limau linakata kama wembe, leo waridi limezeeka. Tukishaongea hivyo ndipo tunalala."

"Na jana?"

"Alitoka chumbani na begi. Gauni la bluu. Akasema, dada, kuna treni, nitakuandikia. Miaka yote ile, halafu nitakuandikia. Nikashika begi, akalivuta, nikalivuta. Kisha nikamsukuma."

"Begi liko wapi?"

"Chini ya kitanda changu."

Muuzaji alianza kulia bila sauti.

"Alikufa palepale?" aliuliza Bi Taratibu.

Dada alitikisa kichwa. "Alikuwa anapumua. Nilishuka nikakaa naye, nikamshika mkono. Simu ilikuwa hapo mezani, naiona." Aliitazama meza. "Nikawaza, wakimtibu akapona, ataondoka. Basi nikaendelea kumshika mkono. Ulipopoa ndipo nikaenda kuchukua aproni. Kumbe alikuwa amejipaka. Mimi ningejuaje?"

Koplo aliinamisha macho. Bi Taratibu alimshika dada mkono, wakatoka kwa mlango wa nyuma, polepole, kama mtu na mgonjwa wake. Gari lilikuwa tayari. Dada aliweka mkono juu ya mlango wake, asiingie.

"Maua alinieleza nikaelewa. Alisema ni weupe unaosikika. Lakini ile ambari, ile inayobaki, kila akijaribu anashindwa, anacheka. Wewe umeinusa. Ikoje?"

Haikuwa kazi ya inspekta kujibu. Alisimama akitafuta maneno, na alichokiona ni nyumba yake mwenyewe, wiki ile aliyomzika mumewe.

"Ni kama kuingia chumba ambacho mtu ametoka sasa hivi," alisema. "Ukikalia kiti chake, bado kina joto."

Dada aliondoa mkono mlangoni.

"Basi hiyo naijua," alisema, akainama kuingia garini.