Gobore la Ghalani kwa Felista

Asubuhi ya Jumanne Felista alikuwa akipepeta mtama nje ya nyumba yake, kijijini Matongo. Mikono ilikuwa kwenye ungo, lakini roho yake ilikuwa ghalani. Kule juu, chini ya nyasi za paa la ghala, kulikuwa na gobore.

Lilikuwa la baba mkwe wake, aliyefariki mwaka jana. Mumewe, Mogesi, alilikuta Jumapili alipokuwa akiezeka, limefungwa ndani ya ngozi ya ng'ombe. Alilitazama, akalifunga, akalirudisha palepale.

"Baba aliniachia mkuki, ngao na hili," alisema. "Vyote ni vyangu."

"Mkuki haulipuki, Baba Neema," Felista alimjibu.

Neema, binti yao wa miaka saba, ndiye aliyepanda ghalani kila jioni kuchota mahindi. Hilo ndilo lililomnyima Felista raha. Na gari la matangazo lilikuwa limeshapita: mwenye silaha isiyo na kibali airudishe kwa hiari kabla ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni, hatashtakiwa. Baada ya hapo, shauri yake.

Mogesi alikubali jambo moja tu. "Uliza kwenye kundi. Wakisema sheria inataka nirudishe, nitarudisha."

Kundi lenyewe lilikuwa la WhatsApp. Liliitwa Iritongo, kama ule mkutano wa Wakurya ambapo mtu akisimama kueleza shauri lake, wengine wananyamaza mpaka amalize. Jina tu hilo! Kule kwenye simu hakuna aliyewahi kunyamaza.

Felista akaandika: "Habari za asubuhi. Mtu akikuta siraha ya marehemu afanyeje?"

Matiko, mfugaji, akawahi. "Asirudishe! Wezi wa ng'ombe wakija tuwapigie filimbi?"

Ramadhan, mwenye duka la vitenge Nyamongo, akampinga. "Zirudishwe zote. Zinaumiza watu wa nyumbani, wezi wanapita zao."

Haya, hapo angalau walikuwa ndani ya mada. Felista akaweka ungo chini, akasubiri. Ndipo akaingia Kisyeri, mwalimu mstaafu.

"Ni silaha, siyo siraha. Tuheshimu lugha."

Mungu wangu! Kundi zima likageukia huko. Matiko akasema ng'ombe wake wanamwelewa hivyo hivyo. Mwingine akauliza kama ni gobore au gobole, wakagawanyika pande mbili. Ramadhan akaruka herufi moja kwa haraka, wakamcheka. Mmoja akamwita mwalimu "mura", kana kwamba anamwita kijana wa kuchunga, na matusi yakaanza.

Kufika mchana kulikuwa na ujumbe mia moja arobaini na sita. Felista alisoma wote, mpaka bando likakaribia kuisha. Hakuna hata mmoja uliojibu swali lake.

"Jamani nimeuliza afanyeje," akaandika tena.

"Weka mkato baada ya jamani," akajibu Mwalimu Kisyeri.

Felista alitamani kuitupa simu chooni. Watu wazima na ndevu zao! Nyumba inakaa na kifo ghalani, wao wanahesabu herufi.

Siku iliyofuata, jioni, Neema alishuka ghalani na kikapu chake. "Mama, kule juu kuna ngozi ina kitu kigumu."

Felista akampokonya kikapu. "Umeigusa?"

"Nimeivuta kidogo tu."

Felista hakufungua simu tena. Alimshika mtoto mkono, wakaenda moja kwa moja ofisi ya kijiji. Winfrida, mtendaji wa kijiji, alikuwa akifunga mlango.

"Mtendaji, nyumbani kuna gobore," Felista alisema. "La marehemu baba mkwe."

Winfrida akaufungua mlango tena. "Kaa, mama. Umefanya vizuri kuja. Nani anajua lilipo?"

"Mume wangu. Anasema ni urithi."

"Silaha hairithiwi kama jembe. Hata yenye kibali, kibali ni cha aliyeandikiwa. Akifariki, ipelekwe polisi."

"Basi nimwambie Mogesi alilete kwa bodaboda?"

"Hapana! Msilibebe. Msilisafishe. Msijaribu kulifyatua. Mtoto asipande ghalani. Mimi nawapigia polisi, watakuja wenyewe."

Mogesi alifoka kidogo aliposikia, kisha akakubali alipoambiwa Neema aliivuta ile ngozi. Alhamisi asubuhi askari alikuja na Winfrida. Aliliteremsha gobore taratibu, akalikagua mdomo.

"Limeshindiliwa," alisema. "Baruti na vipande vya nondo vimo ndani. Lingeweza kulipuka wakati wowote."

Mogesi akakaa chini. "Nilitaka kulibeba mgongoni," alisema.

Askari aliandika jina lake, akampa karatasi ya kuonyesha amerudisha. Hakuna pingu, hakuna kesi. Mkuki na ngao vilibaki ukutani.

Ijumaa mchana mtu alibisha hodi. Alikuwa Mwalimu Kisyeri, kofia mkononi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba." Akatazama miguu yake. "Felista, ulipofika ofisini, ulianza kusemaje?"

Felista alimtazama. Kumbe! Mkato, herufi, heshima ya lugha, kumbe mzee alikuwa anazikimbiza akili za watu zisifike nyumbani kwake. Hasira zilimpanda, kisha akaona jinsi mzee alivyokuwa akiikunja na kuikunjua kofia.

"Nilisema, mtendaji, nyumbani kuna gobore."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, mwalimu."

Mzee alijaribu. "Mtendaji, nyumbani..." Akakwama.

Felista akachukua khanga yake. "Twende, nikusindikize. Ila njiani usinisahihishe."

Saa kumi jioni Mwalimu Kisyeri aliandika kwenye kundi: "Nilikuwa na silaha. Leo nimeitoa. Sikukamatwa. Felista aliuliza swali la maana, nikaliharibu. Anisamehe."

Kundi likanyamaza. Dakika zikapita. Kisha Matiko, yule wa filimbi, akaandika maneno matatu: "Ofisi bado wazi?"

Felista akamjibu papo hapo. "Iko wazi, Matiko. Usilibebe. Njoo useme tu."