Maji ya Bi Mkubwa

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Mama Kobe alifagia mchanga mlangoni, akachemsha chai, kisha akamwamsha mumewe kwa kugonga sufuria. Mumewe alikuwa dereva wa kambi ya wageni. Watu walimwita Breki, kwa sababu alisimamisha gari ghafla kila alipoona nyayo za mnyama, na abiria wakagonga vichwa kwenye viti vya mbele. Mwenyewe alilipenda jina hilo. Alisema ni afadhali kuitwa Breki kuliko kuitwa Ajali.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili vya bati nyuma ya kambi, na tangi la maji pembeni. Maji yaliletwa na lori. Mbele ya nyumba kulikuwa na jangwa tu: mchanga, changarawe, vichaka vya miiba, na bonde moja kavu lenye udongo mgumu. Katika bonde hilo waliishi kobe.

Mama Kobe aliwafundisha wageni habari za wanyama wa jangwani. Wageni wengi walikuwa wanafunzi na walimu wao, au familia zilizokuja kulala kwenye mahema na kutembea. Aliwaonyesha nyayo za mbweha na alama za mkia wa mjusi ulioburuta mchangani. Aliwaambia wakung'ute viatu kabla ya kuvaa, kwa sababu nge hapigi hodi. Mwisho wa matembezi aliwapeleka bondeni kwa Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa alikuwa kobe jike, mzee kuliko wote. Shimo lake lilikuwa chini ya jiwe pana. Breki alipenda kuwatania wageni kwamba yeye ana wake wawili. Mke mdogo anapika, Bi Mkubwa anakaa shimoni, na hawagombani hata siku moja. Mama Kobe alikuwa amekwisha kuuzoea utani huo, lakini bado alicheka.

Kisha ndipo ulipofika wakati ambao wageni wote waliungoja. Mama Kobe alimwinua Bi Mkubwa mpaka kifuani, akamgeuza ili watoto waone tumbo lake. Akampitisha mkono kwa mkono. Haikuchukua muda, Bi Mkubwa akamwaga maji. Mtoto aliyemwagiwa alipiga kelele, wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama Kobe alikuwa na maneno yake tayari.

"Amekukaribisha huyo," alisema. "Kobe hamwagii maji mtu asiyempenda."

Maneno hayo aliyatunga mwenyewe. Hakuna aliyemfundisha. Wageni waliyapenda, wakayapeleka makwao, na wengine wakaja wakitaka nao wakaribishwe, mpaka kobe wengine wa bondeni nao wakawa wanainuliwa hivyo hivyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema kobe naye apone.

Kisha mvua ikaruka msimu mzima. Msimu uliofuata ikaruka tena. Vichaka vikawa vijivu, na udongo wa bondeni ukapasuka. Asubuhi moja Mama Kobe alimkuta kobe dume amekufa mbele ya shimo lake, shingo imenyooka. Aliona ni uzee. Baada ya hapo akamkuta mwingine, kisha mwingine. Mmoja alikuwa na gamba lililopasuka, karibu na mahali ambapo gari la wageni huegeshwa. Watu wa kambini walisema labda jiwe lilimporomokea.

Ajabu ni kwamba kobe waliokufa wote walikuwa wa bonde hili la wageni, si wa mabonde mengine. Mama Kobe alianza kukosa usingizi. Alidhani ni ugonjwa. Akamwomba mumewe ampigie simu daktari wa wanyama.

Daktari alikuja akiwa na kofia pana na mkoba begani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu wa maneno. Aliyakagua magamba ya kobe waliokufa, ambayo Mama Kobe alikuwa ameyaweka, moja baada ya jingine. Kisha akaomba aonyeshwe somo lote, kama wageni wanavyoonyeshwa, asifichwe kitu.

Mama Kobe alifurahi. Alifundisha siku hiyo kama anayefanya mtihani. Walipofika bondeni, Bi Mkubwa alikuwa nje, kwenye kivuli cha jiwe lake. Mama Kobe alimwinua kifuani, akamgeuza. Bi Mkubwa akapiga miguu hewani. Hayakutoka maji. Yalitoka matone machache mazito, meupe, kama chokaa iliyolowa.

"Mweke chini, dada," alisema daktari. "Taratibu. Usimgeuze tena."

Mama Kobe akamweka chini. Daktari alichuchumaa, akayagusa yale matone kwa kidole.

"Hiki ulichokuwa unawaonyesha watu, unakijua ni nini?"

"Si mkojo wake?"

"Ni maji yake ya kunywa."

Mama Kobe alidhani hakusikia vizuri. Daktari akamweleza polepole. Kobe wa jangwani hunywa maji mengi siku ya mvua, kisha huyaweka kwenye kibofu. Mwili wake huyarudia maji hayo kidogo kidogo, miezi na miezi, mpaka mvua nyingine. Hana tangi jingine. Hana lori linalomletea. Lakini akishikwa na kuinuliwa, huogopa. Anadhani ameshikwa na mnyama wa kumla. Akiogopa huyamwaga yote.

"Kwa hiyo alipokuwa akiwamwagia watoto..." Mama Kobe hakumaliza.

"Alikuwa anaogopa kufa. Na kwa kuogopa hivyo, ndivyo anavyokufa kweli. Ni kama mtu akuvamie nyumbani, apindue tangi lako lote, halafu acheke."

"Lakini hawakufa siku ile ile, daktari. Ningejua."

"Kiu haina haraka. Wakiachwa, wanaingia shimoni kungoja mvua. Mvua ikichelewa, wanatoka mara ya mwisho kutafuta. Ulipowakuta ndipo nguvu zilipowaishia."

Mama Kobe alikaa chini kwenye mchanga wa moto, wala hakuusikia. Alitazama mikono yake. Maji yakimwagika hayazoleki, tunasema kila siku, tena kwa mambo madogo. Yeye alikuwa ameyamwaga kweli, kwa mikono hiyo, huku watu wakimpigia makofi.

Daktari alimwaga maji kidogo kwenye kishimo cha kina kifupi mbele ya Bi Mkubwa, ili kama anaweza anywe. Bi Mkubwa hakunywa. Aligeuka, akaingia shimoni. Mama Kobe akauliza kama anaweza kumletea maji kila siku. Daktari akakataa. Alisema maji yakikaa hapo, mbweha na kunguru watakuja, na watakuja kila siku, nao hula kobe. Wala asimvute kumtoa.

"Sasa tufanye nini?"

"Mwacheni. Asiguswe na mtu. Ngojeni mvua."

"Na kama haitanyesha?"

Daktari alifunga mkoba wake. "Sitakudanganya, dada. Kama haitanyesha, hatatoka."

Walipokuwa wakirudi kwenye gari, ambako Breki aliwangoja, daktari aliinama akachungulia chini ya magurudumu. Breki akamuuliza kama amedondosha kitu. Daktari akamwambia kwamba kobe hupenda kivuli cha gari. Mtu akiegesha jangwani, achungulie chini kabla ya kuondoka, kila mara. Breki alipiga magoti, akachungulia upande wa pili. Hakuna aliyelitaja lile gamba lililopasuka. Jioni hakula, na mkewe hakumlazimisha.

Toka siku hiyo Mama Kobe alibadili somo. Wageni walisimama mbali na shimo, nyuma ya mstari wa mawe, wala hawakuziba njia ya kobe. Aliwaambia ukweli wote kuhusu kibofu na maji. Mtu akimkuta kobe katikati ya barabara, tena gari linakuja, hapo tu ndipo amshike. Amwinue chini chini, bila kumgeuza, amvushe upande ule ule aliokuwa akielekea. Wageni walisikiliza kwa adabu. Kisha wakauliza ni lini watamshika kobe.

Siku moja wanafunzi walilalamika sana. Mwalimu wao alisema wametoka mbali, na watoto wameahidiwa. Mama Kobe alipiga moyo konde. Alirudi nyumbani, akaja na yale magamba kwenye kapu. Akayapanga mchangani.

"Hawa bebeni," alisema. "Wageuzeni mnavyotaka. Hawa wamekwisha kufa."

Watoto waliyashika magamba hayo. Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja aliliweka lake chini kwa mikono miwili, polepole, kama lina mtu ndani. Wakati wa kuondoka, watoto hao ndio waliochungulia chini ya gari kabla ya Breki.

Lakini wageni wa namna hiyo hawatangazi kambi. Wageni walipungua. Mwenye kambi, ambaye wote walimwita Tajiri, alimpigia Mama Kobe simu akiwa mjini. Alisema watu hawaendi jangwani kutazama mifupa. Wanataka kitu cha kushika na kupiga picha nacho. Alisema kama mambo yataendelea hivyo, ataifunga kambi msimu ukiisha, na nyumba ile ya bati ni ya kambi. Breki aliisikia simu hiyo yote kwa sababu Tajiri hajui kusema polepole.

Ndani ya nyumba mambo yakawa magumu. Breki hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu. Alimwambia mkewe kwamba kobe wamekwisha kufa, amebaki mmoja, naye pengine amekufa shimoni. Je, wafukuzwe kwa ajili ya shimo? Kila asubuhi Mama Kobe alikwenda bondeni, akasimama nyuma ya mawe, akatazama mlango wa lile shimo. Hakukuwa na unyayo mpya. Upepo ulikuwa umefuta hata zile za zamani. Akarudi nyumbani kufagia mchanga ambao upepo ungeurudisha.

Naomba nisiwape moyo wa uongo. Mama Kobe alikata tamaa. Aliacha kuimba jikoni. Watu wakimwita kwa jina lake la utani, aliitika kwa kichwa tu, kwa sababu jina lilimchoma. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alimkalia mapajani mchana kutwa.

Mvua ilikuja mchana, bila ngurumo nyingi. Ilipiga bati, ikaacha, ikapiga tena kwa nguvu. Mama Kobe alitoka mbio bila viatu. Breki alimfuata na gari, akaegesha nje ya bonde. Maji yalikuwa yamejaa kwenye vishimo vya udongo mgumu. Walilala kifudifudi kwenye tope nyuma ya mawe, mtu na mumewe, wakalowa chapachapa wakitazama shimo.

Walingoja mpaka mvua ikakatika. Breki alikuwa ameshaanza kuinuka aliposhikwa shati. Kwenye mlango wa shimo kulikuwa na kichwa.

Bi Mkubwa alitoka akitetemeka miguu. Alikuwa amekonda, ngozi ya shingo inaning'inia. Alijikokota mpaka kwenye maji, akaingiza pua, akanywa. Alikunywa kwa muda mrefu sana. Mama Kobe alilia bila sauti, uso wake ukiwa kwenye tope. Mkono wake ulitaka kwenda wenyewe. Akaulalia.

Bi Mkubwa alipomaliza, hakurudi shimoni. Aliupita mstari wa mawe, akapanda upande wa pili wa bonde, kuelekea kilima cha changarawe. Walimfuata kwa mbali. Mwanzoni walidhani anatafuta majani. Lakini hakusimama. Bonde zima halikuwa na kobe mwingine, na ng'ambo ya kilima hakuna njia ya gari wala ya wageni. Breki ndiye aliyeelewa kwanza.

"Anahama," alisema.

Waliendelea kutembea. Kilima kilikuwa karibu.

"Mke wangu, mrudishe," Breki akasema, safari hii kwa sauti ya kuomba. "Mara moja tu. Leo maji yapo kila mahali. Hata akimwaga, atakunywa tena. Wewe mwenyewe unaona."

Alisema kweli. Vishimo vilijaa maji pande zote. Mama Kobe aliyatazama. Keshokutwa lilikuwa linakuja kundi la wageni, na Tajiri mwenyewe alikuwa amesema atakuja nalo. Bi Mkubwa alikuwa hapo hapo, hatua chache mbele, akipanda taratibu. Mtoto mdogo angeweza kumfikia.

"Nikimbeba leo kwa sababu kuna maji," alisema, "kesho nitambeba kwa sababu kuna Tajiri."

"Tutafukuzwa."

"Najua, baba."

Bi Mkubwa alifika juu ya kilima. Alipumzika kidogo, akashuka upande wa pili. Waliona nusu ya gamba lake, kisha changarawe tupu. Mama Kobe alikaa chini. Breki naye akakaa kando yake, akafuta tope usoni kwa kiganja, akalizidisha.

"Sasa keshokutwa utawaambia nini?" aliuliza.

Mama Kobe alikuwa analia, lakini alijibu.

"Nitawaambia Bi Mkubwa ameondoka, na maji yake yote anayo."