Chumba Kisichokauka

Kipimo cha unyevu kilisema themanini na mbili, na nje jua lilikuwa la kupasua mawe. Mama Chiriku alikigonga kwa kidole, akakipuliza, akakisogeza ukutani huku na huku. Themanini na mbili, palepale. Kiangazi kile hata mate yalikuwa haba mdomoni, sasa unyevu ungetoka wapi?

Mumewe, fundi majokofu, alisema kidude hicho kimeshakufa. Lakini fundi ni fundi, habishi bila kupima. Alitia chumvi kwenye kifuniko cha chupa, akailowesha kidogo mpaka ikawa kama uji mzito, akaifungia pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa nailoni. Kesho yake kikasoma sabini na tano, namba ambayo mafundi wanajua chumvi iliyoloweshwa huitoa siku zote. Kipimo kilikuwa kizima. Sebuleni kilisoma arobaini na tano. Kikirudishwa chumba cha watoto, themanini na mbili.

Chumba kile walikuwa wanakijua wote wawili.

Mle ndimo alimofia Chiriku, msimu wa mvua uliopita, mtoto wa miaka sita mwenye pumu na mdomo usiopumzika. Daktari alishasema unyevu usizidi hamsini, ukungu utammaliza. Baba akanunua kipimo. Mama naye ni dobi wa nyumba ya wageni, mashuka arobaini kwa wiki, na mvua haikatiki. Akayaanika ndani, juu ya kitanda cha mtoto. Namba zilipopanda, akatundika taulo juu ya kipimo ili kisimsute. Kila jioni Chiriku alichungulia kati ya mashuka akauliza kama yamekauka, na kila jioni mama alimjibu bado. Hilo la taulo hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe.

Siku ya tatu baada ya kukipima kipimo, adhuhuri, mama alikuwa mle chumbani anamlaza mdogo wake Chiriku, mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Harufu ndiyo iliyoanza, ile ya shuka lililosahaulika kwenye beseni hadi likavunda. Kisha pumzi, inapiga filimbi ndogo kwenye kifua cha mtu asiyeonekana, inapanda, inakwama, inashuka, karibu kabisa na kitanda kile kitupu ambacho hakuna aliyekuwa na moyo wa kukitoa, na mama akajua, kabla sauti haijatoka, kwamba ni sauti ya nani.

"Mama, yamekauka?"

Mwingine angetoka mbio. Huyu alipiga magoti, akalia, akasema, "Bado, mwanangu."

Jamani, mama ni mama. Kuanzia siku hiyo akawa analowesha mashuka makusudi, anayatundika mle ndani, anafunga madirisha, kwa sababu chumba kikikauka kidogo sauti ilififia. Ukutani pakaota ukungu mweusi. Alijua anachofanya. Alijua na akaendelea, mpaka asubuhi moja yule mdogo alipoamka akipumua kwa filimbi ileile.

Fundi ndiye aliyemleta mganga, ajuza asiyependa maneno mengi. Alinusa mlangoni, akasema kwa sauti ya chini kwamba hilo ni jini la majimaji, hukaa kwenye vifua vya watoto, na limejifunza sauti ya marehemu. Akaagiza mashuka yote yatoke, madirisha yafunguliwe, makaa yawashwe.

"Na wewe mama ndiye utakayelifukuza," alisema. "Litatukana. Jini likitolewa lazima litukane, na siri zako litazianika. Usilijibu."

Mama alidhani anajua litakachosema. Akajikaza.

Mashuka yakatoka, jua likaingia. Sabini na tano. Sabini. Moshi wa ubani ukazunguka chumba, na pumzi ile ikaanza kuhangaika pembe hii na pembe ile, ikikohoa kikohozi cha Chiriku, kile cha siku ya mwisho, ikitafuta pa kujificha na pa kujificha hapana, ikimshika mama pindo la gauni kwa vidole vya majimaji, na mama amesimama na mdogo kifuani, anasema ondoka, ondoka, na kila akilisema neno hilo linamchana yeye mwenyewe ndani.

Sitini. Hamsini na tano.

"Mama," sauti ikasema, ndogo mno. "Mdogo wangu anapumua?"

Mganga akainua kichwa.

Mama alikuwa amekatazwa. Akajibu. "Anapumua."

"Haya."

Hamsini. Arobaini na tano. Chumba kikawa kikavu na kimya, kama chumba cha watu wengine wowote. Mtoto kifuani akavuta pumzi ndefu, safi, akalala.

Mama akangoja matusi. Akangoja taulo litajwe, kwa kuwa alitaka litajwe, alitaka atukanwe mbele ya mumewe apate kupumua na yeye. Halikutajwa. Mganga alikuwa anakusanya vitu vyake harakaharaka, hamtazami mtu usoni.

"Bibi," mama akamwita. "Mbona halikutukana?"

Ajuza yule akasema anachelewa, akaomba aonyeshwe mlango, na mlango ulikuwa wazi mbele yake.