Kijino cha Kanda ya Harusi

Naapa kwa mvi za kichwa changu, zilizobaki na zilizokwisha kung'oka, kwamba hadithi hii ni ya kweli tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Najua watu wa Malindi husema Mzee Abdulhalim hupiga chumvi. Wasemao hivyo hawakuwapo siku nilipofunga rimu ya baiskeli juu ya paa nikanasa televisheni ya Bombay, picha ikaja safi hata harufu ya biriani yao ikafika sokoni. Lakini leo sitii chumvi hata chembe. Atakayenikamata na uwongo mmoja tu, nitampa sinia zima la halua, ale yeye na darasa lake.

Mwaka wa 1986 nilikuwa na kiduka cha kutengeneza redio nyuma ya soko la Malindi. Kazi ile sikusomea popote. Nilijifunza kwa kufungua redio za watu na kumwomba Mungu zifungike tena. Kisha video zikaingia mjini, nami nikapata mashine mbili, nikaziunganisha kwa nyaya, nikaandika mlangoni: FUNDI HALIM, TWANAKILI KANDA ZA VIDEO.

Mtaa wa Barani alikuwako msichana wa miaka kumi na miwili, Mahfudha. Kila asubuhi aliamka, akafagia ua, akachota maji, kisha akampelekea bibi yake, Bi Rukiya, chai ya tangawizi nyumba ya tatu kutoka kwao. Likizo ile ya Agosti alifagia ua na kuchota maji kama kawaida, lakini chai hakuwa na wa kumpelekea. Bi Rukiya alikuwa amefariki wiki sita nyuma, siku kumi tu baada ya harusi ya Hafidha, dada yake Mahfudha.

Harusi hiyo ilikuwa imepigwa picha za video na mwanamke tuliyemwita mke wa Stambuli, aliyekuja na kamera kutoka Mombasa. Alipiga mambo ya wanawake peke yao: upakaji wa hina, nyimbo, na siku ya bi harusi kutolewa nje apambwe na kutazamwa. Sasa hayo, kama mjuavyo, si ya macho ya wanaume. Humo ndani wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, wanacheza. Aliporudi Mombasa, mke wa Stambuli alizikusanya picha zote katika kanda moja, kwa mwendo wa pole, ili kanda ya saa tatu ibebe saa sita. Zile kanda za kwanza akazitumia kwa harusi nyingine. Ikabaki hiyo moja tu duniani.

Na ndani ya kanda hiyo alikuwamo Bi Rukiya, akiimba na kumpa mjukuu wake radhi. Binti yake mkubwa, Bi Shekha, alikuwa Maskati. Hakuwahi harusi, hakuwahi maziko. Aliandika barua ya mistari miwili: "Nileteeni sauti ya mama. Sitaki kitu kingine."

Awadh, jirani yao, alikuwa asafiri kwenda Maskati. Angepita dukani kwangu saa nane mchana kuchukua nakala, kisha apande basi la Mombasa.

Bi Fatu, mama yake Mahfudha, alinijia asubuhi na mapema siku hiyo ya safari, akiwa na bintiye.

"Fundi Halim, kazi ataifanya Mahfudha. Wewe utakaa nje."

"Bi Fatu, mimi nitafumba macho."

"Nakujua wewe. Utafumba moja."

Basi nikamfundisha mtoto. Mashine ya juu ndiyo isomayo, ya chini ndiyo iandikayo. Kanda ya harusi iwekwe juu, kanda mpya iwekwe chini. Tena nikaichukua kanda ya harusi, nikavunja kwa kisu kile kijino cha plastiki kilichoko nyuma yake. Kila fundi anajua: kanda iliyovunjwa kijino haiandikiki tena juu yake, hata jini wa Mambrui akibonyeza kitufe. Mashine huitema papo hapo. Huo ndio ulinzi wa kanda asili, nami sikusahau.

Televisheni tuliifunika leso, maana mlango wangu ulikuwa pazia tupu. Bi Fatu akarudi nyumbani kupika. Mimi nikakaa kibarazani, mgongo kwa pazia, nikitengeneza redio. Ilikuwa saa mbili kamili.

Ndani, Mahfudha alishika kanda mbili nyeusi zilizofanana kama mapacha. Maandishi yalikuwa kwenye maboksi tu, na maboksi alikuwa ameyaweka kando. Akatia moja juu, moja chini. Akabonyeza. Mashine zikaanza kunguruma.

"Tayari?" niliuliza.

"Tayari, Ami Halim."

Akakaa. Dakika ishirini zilipopita, akatamani kumwona dada yake na hina. Akainua pembe ya leso. Kwenye kioo hapakuwa na dada wala hina. Zilikuwako chenga nyeupe tupu, zikichemka kama uji.

Alielewa mara moja. Kanda tupu ilikuwa juu, inasomwa. Kanda ya harusi ilikuwa chini, inaandikwa juu yake utupu.

Aliniambia baadaye kwamba alidhani mashine hufuta kanda kwa mkupuo mmoja, kama dasta ifutavyo ubao. Kwa hiyo kwake yeye mambo yalikwisha kuharibika: Bi Rukiya alikuwa amekufa mara ya pili, na safari hii aliyemuua ni yeye. Hakuzima mashine. Hakuniita. Nilimwuliza, "Kazi inakwendaje, mwanangu?" akajibu kwa sauti nyembamba, "Vizuri, Ami." Kisha akapita mlango wa uani, akakimbia.

Hakujua aende wapi. Nyumbani yuko mama. Kwa dada yake ndiko kubaya zaidi. Miguu ikampeleka ilikozoea kwenda asubuhi, nyumbani kwa bibi yake. Akasukuma mlango wa ua, akaingia jikoni, akajibanza nyuma ya kinu. Leso ya Bi Rukiya ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari, na ile birika ya chai imeinamishwa mdomo chini.

Hapo alilia hadi kwikwi ikamshika. Akawaza kumwomba Awadh aipoteze kanda njiani. Akawaza kusema mwizi aliingia. Wazo baya kuliko yote lilikuja taratibu, tena lilikuja kwa upole: arudi, aiweke kanda tupu ndani ya boksi, ampe Awadh, anyamaze. Maskati ni mbali. Wataona chenga, watasema iliharibikia safarini. Nani atajua?

Lakini kila alipowaza hivyo alimwona mama yake mkubwa, Bi Shekha, amewakusanya watoto wake mbele ya televisheni, anawaambia, "Nyamazeni, mtamsikia bibi yenu." Nao wananyamaza. Nao wanasubiri.

Jua lilikuwa limepanda aliposikia mtu anaita uani.

"Mahfudha! We Mahfudha! Nimekuona mguu."

Alikuwa Jedida, rafiki yake wa darasani, ambaye wazazi wake walitoka Vitengeni wakahamia Barani. Alikuwa na kikapu cha mihogo mkononi.

"Nenda zako," Mahfudha alisema.

"Niende wapi? Nimepita pale dukani, Mzee Halim ananiambia uko ndani wafanya kazi kama mtu mzima. Kumbe uko huku wala makamasi. Kuna nini?"

Mahfudha akamweleza, maneno yakitoka kwa vipande. Jedida akatua kikapu.

"Sasa mbona mashine bado yanguruma?"

"Nini?"

"Nimeisikia kwa masikio yangu, sasa hivi. Yanguruma. Kama yanguruma, si bado yala? Ingekuwa imemaliza, ingenyamaza."

Mahfudha aliinuka kama aliyechomwa na mwiba. Alikumbuka nilivyomwambia kwamba kunakili kanda ya saa sita huchukua saa sita. Basi na kufuta pia! Akakumbuka na maandishi ya mke wa Stambuli kwenye boksi: *Bibi, baada ya saa mbili za kanda.*

"Jedida, saa ngapi?"

"Redio ya kwa jirani imesema saa tatu na nusu, na hapo nilikuwa bado nanunua mihogo."

"Nikisema wataniua."

"Watakuchapa," Jedida alisema. "Ukichapwa utapoa. Huyo bibi akifutwa, nani atamrudisha?"

Mahfudha alitoka mbio. Alipita mitaa ya Barani pasi na viatu, mtandio umeanguka mabegani, akawapita watu wazima bila kuwaamkia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Nilimwona anatokea pembe ya soko, uso umelowa.

"Ami Halim! Nimeiweka kinyume! Nimeijua zamani nikakimbia! Inamfuta bibi!"

Nami huku nilidhani yuko ndani nyuma yangu! Niliinuka, redio ikaanguka, bisibisi ikatumbukia kwenye kahawa. Nikashika pazia, nikasita. Kanda ya wanawake.

"Ingia wewe! Kitufe cha chini, cha kulia! Bonyeza!"

Kule ndani kukasikika *tak*. Mngurumo ukakoma. Saa yangu ya mkononi ilisema saa nne kasoro dakika tano.

Nilimtuma mtu amwite Bi Fatu. Alipofika, Mahfudha hakungoja kuulizwa. Alisimama mbele ya mama yake akatapika yote: kuweka kinyume, kuona chenga, kukimbia, hata lile wazo la kupeleka kanda tupu Maskati. Bi Fatu alimshika mkono, wakaingia ndani, pazia likaanguka.

Nilikaa kibarazani nikisikiliza. Kanda ya harusi ikatiwa mashine ya juu, ikarudishwa nyuma kidogo. Nikasikia mchakacho wa chenga, *shaaa*, kama mchanga unaomwagwa. Ukaendelea. Ukaendelea. Nikamsikia Mahfudha ananong'ona, "Ya Rabi, ya Rabi." Kisha chenga zikakatika, vikaja vigelegele na makofi, wanawake wanacheka. Dakika tano hivi. Halafu wote wakanyamaza kwenye kanda, na sauti ya mwanamke mzee ikaanza kuimba taratibu, imekwaruza kidogo, haina haraka:

*Nenda mwanangu kwa heri, radhi yangu kanga yako,*
*Ukiwa mbali na kheri, jifunike iwe yako.*

Nje kibarazani, mzee mmoja aliyejifundisha kutengeneza redio alikuwa anafuta macho kwa kitambaa cha kupangusia grisi.

Hatimaye Bi Fatu alisema, nami nilisikia kila neno:

"Mahfudha, sikiliza. Kuweka kanda kinyume ni kosa, na kila mja hukosea. Kosa lako lilikula dakika ishirini. Woga wako umekula saa moja na dakika thelathini na tano. Hina ya dada yako yote imekwenda, na hiyo haikuliwa na kosa, imeliwa na kunyamaza. Ukweli ungekuja mapema tungepoteza kidogo. Umekuja kwa kuchelewa, lakini umekuja, na kwa sababu umekuja, mama yangu yumo humu. Jioni utakwenda kwa dada yako umwambie mwenyewe, kwa kinywa chako. Sasa futa uso, tufanye kazi."

Hawakumchapa. Niliomba nipewe kanda nje ya pazia, nikaishughulikia kidogo kwa kisu, nikairudisha. Saa nne na robo mashine zilianza upya, safari hii kila kanda mahali pake na Bi Fatu amekaa mbele. Awadh alipofika saa nane, ilibidi angoje robo saa, akinung'unika kuhusu basi, nami nikampoza kwa habari za rimu ya baiskeli. Akaondoka na nakala kifuani.

Baada ya mwezi ikaja barua kutoka Maskati. Bi Shekha aliandika: "Hina hatukuiona, na wala hatukuitafuta. Mama tunamsikia kila Ijumaa."

Hapo ndipo hadithi yangu ilipokuwa iishie. Niliipeleka shule moja hapa mjini niisome mbele ya darasa la sita kabla haijapigwa chapa. Mwalimu wao alikaa nyuma, mikono amekunja, anatabasamu. Nilipomaliza, watoto wakapiga makofi. Nikainama kama mfalme.

Mvulana mmoja wa mbele, Kahonzi, akanyoosha mkono.

"Babu Halim, ulisema kanda iliyovunjwa kijino haiandikiki, hata na jini."

"Naam. Ndio ufundi huo."

"Na ulisema ulikivunja."

"Kwa kisu."

"Sasa ilifutikaje?"

Nikatazama dirisha. Nikatazama dari. Nikaanza kueleza habari za jini wa Mambrui mwenye nguvu kuliko wenzake.

"Na pale mwisho, Babu," akaongeza msichana wa pembeni, "uliishughulikia nini kwa kisu?"

Mwalimu akaja mbele. Mwalimu Mahfudha, ndiye yule yule, sasa mvi mbili tatu zinachungulia chini ya mtandio.

"Siku ile nilisikia *kra* nje ya pazia," alisema. "Nilikuwa mtoto, sikujua ni nini. Nilipokuja kununua mashine yangu nikajua. Ami Halim, nimekungoja miaka mingi uniambie mwenyewe."

Basi nikawaambia. Asubuhi ile Awadh alipita kunisalimu, nikawa namhadithia televisheni ya Bombay, na kijino nikakisahau, nikaja kukivunja pale nilipoomba kanda nje ya pazia. Ningekivunja, mashine ingeitema ile kanda saa mbili na sekunde moja, na mtoto asingelia nyuma ya kinu. Bi Fatu alipokuwa anamwambia bintiye maneno yale ya woga na kunyamaza, mimi nilikuwa nyuma ya pazia, natingisha kichwa kama mtu mwema, na kisu kimo mfukoni.

"Mwanangu, niwie radhi," nilisema. Maneno matatu, na yalinichukua miaka yote hiyo.

"Nimekuwia zamani," akasema. "Lakini halua hatukusamehe. Darasa, mko wangapi?"

"Arobaini na mmoja!"

Nililipa. Sinia moja halikutosha, nikatuma la pili. Mwalimu Mahfudha aliniweka mwisho wa mstari, na zamu yangu ilipofika pamebaki makombo ya pembeni. Kahonzi akanisogezea nusu ya kipande chake.

"Kula, Babu," akaniambia. "Na ile ya rimu ya baiskeli?"

"Ile," nikasema, mdomo umejaa, "sina pesa ya sinia la tatu."